Mbegu Zilizomgomea Mheshimiwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nasema mapema ili asije mtu kunigongea mlango. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa, ingawa nilifanya kazi huko miaka kumi na tisa nikiwa mpanga viti wa Ikulu, na pensheni yangu inatoka huko, siku ikiamua kutoka. Msomaji akiona jambo linalofanana na la kwao, hayo ni macho yake mwenyewe. Akayapime.

Kupanga viti si kazi ya kudharau. Katika nchi hiyo ukimtazama mtu usoni huwezi kujua cheo chake, lakini ukitazama kiti alichokalia utajua mpaka amebakiza muda gani madarakani. Mheshimiwa Kiongozi Mkuu ana kiti chenye simba wawili wa kuchonga, mmoja kila mkono. Mawaziri wana viti vya ngozi vinavyozunguka, kwa sababu waziri lazima aweze kugeukia upande wowote kwa haraka. Makatibu wakuu wana vya mito. Wananchi wakialikwa hupewa vya plastiki. Siku moja nikaagizwa niweke vigoda vitatu visivyo na mahali pa kuegemea. Nikamuuliza Bwana Ngatunga, Mkurugenzi wa Itifaki, vigoda hivyo ni vya nani. Akasema ni vya wanasayansi.

"Wanasayansi hawaegemei, mzee?"

"Hawa ni watoto wa shule," akasema. "Mtoto akiegemea anaanza kufikiri."

Nikaviweka.

*

Kila mwaka nchi hiyo hufanya Mashindano ya Sayansi ya Vijana. Shule zote hushiriki, isipokuwa zile zisizo na maabara, kwa hiyo shule tisa hushiriki. Watatu wanaofika fainali huletwa Ikulu kumwamkia Mheshimiwa na kumwonyesha walichovumbua. Lakini hakuna jambo linaloweza kutokea mbele ya Mheshimiwa kabla halijatokea mbele ya Kamati. Ndiyo maana ratiba ya siku hiyo ina safu mbili: moja imeandikwa Jaribio, ya pili imeandikwa Matokeo, na zote mbili hugongwa muhuri wiki nzima kabla.

Kwenye mazoezi alianza kijana mmoja mrefu, Absalomu, aliyetengeneza mashine ya kuhesabu watu wanaopita mlangoni. Aliijaribu kwenye mkutano wa hadhara wa chama tawala, ikahesabu mia mbili na kumi na mbili. Magazeti yalikuwa yameandika laki mbili na ushee. Kamati ikaifunza mashine adabu kwa kuibandika sufuri tatu za karatasi.

Wa pili alikuwa msichana anayeitwa Zuhena, aliyetengeneza sabuni kwa kokwa za parachichi. Sabuni ilipita bila kupingwa. Wajumbe wote kumi na wanne waliijaribu, wakachukua na ya kwenda kuijaribu nyumbani, na tangu hapo haikuonekana tena.

Wa tatu ndiye aliyeharibu siku. Aliitwa Twilumba, wa kidato cha tatu, kutoka kijiji cha Lunyinga huko milimani. Alikuja na mwalimu wake wa baiolojia, Mwalimu Kahimba, mtu mpole sana, wa aina ile ambayo huomba radhi kwa kiti akikigonga. Twilumba akawasalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, jambo lililochukua robo saa, kisha akafungua bango lake. Katikati ya bango palikuwa na namba kubwa: 11.

"Kumi na moja ndiyo nini?" akauliza Bwana Ngatunga.

"Ndizo zilizoota, mzee. Nilichukua punje mia moja za mbegu ya Fahari, nikazilaza kwenye kitambaa chenye maji, nikasubiri siku saba. Zikaota kumi na moja. Nikarudia mara nne."

Fahari ilikuwa mbegu ya mahindi ya serikali. Waziri wa Kilimo na Hotuba, Mheshimiwa Malekano, ndiye aliyeichagua, ndiye aliyeipa jina, na ilihifadhiwa katika ghala ambalo, kwa bahati nzuri tu, lilikuwa la shemeji yake. Tena kulikuwa na sheria: mkulima haruhusiwi kupanda mbegu isiyo na muhuri wa Wizara. Mbegu za nyumbani, zile ambazo akina bibi huzining'iniza juu ya moshi wa jikoni, zilikuwa haramu kama gongo.

Waziri akazunguka na kiti chake mara moja na nusu.

"Binti yangu," akasema kwa sauti yake ya redioni, "wewe bado mdogo. Unadhani mbegu inaota kwa maji? Maji ni ya kusaidia tu. Mbegu inaota kwa uzalendo! Je, kitambaa chako kilikuwa na uzalendo?"

"Kilikuwa kipande cha shuka, mzee."

"Umeona sasa."

Wakafuta ile 11 wakaandika 100. Twilumba akafungua mdomo, Mwalimu Kahimba akamkanyaga mguu kwa upole, na msichana akaufunga. Lakini mimi niliyekuwa nyuma nikikusanya viti nilimwona machozi yanamlengalenga. Aliniambia mwenyewe baadaye, nilipompelekea maji. Mwaka uliopita kijiji chao kizima kilipanda Fahari. Shamba la mama yake liliota mahindi hapa na pale, mengine hayakuonekana. Wakala viazi vitamu miezi saba. Mama yake akipakua anawapa watoto, kisha anasema yeye ameshiba. Na sasa malori yalikuwa yamepangwa kuanza kugawa Fahari nchi nzima baada ya siku kumi na sita.

"Nilidhani nikifika huku watanisikiliza, babu," akasema. "Si ndiyo viongozi?"

Mimi nina wajukuu. Nikamwongezea maji.

*

Hapa lazima nieleze desturi moja, la sivyo msomaji atadhani natia chumvi.

Kiongozi Mkuu wa nchi hiyo haondoki mahali bila kupanda mti. Akifungua kisima anapanda mti, akienda msibani anapanda mti, akialikwa harusini anapanda mti kabla bibi harusi hajaketi. Na iko sheria isemayo kwamba kilichopandwa na Mheshimiwa hakifi. Kwa kuwa miti haijui kusoma, ikaundwa Idara ya Uhai wa Miche, yenye watumishi mia mbili, ambao kazi yao ni kung'oa mche uliokauka na kuchomeka mbichi kabla mtu hajauona. Kuna mwarobaini mbele ya Posta Kuu ambao nimeushuhudia kwa macho yangu ukifa mara tisa. Hadi leo una afya njema.

Mwaka huo Bwana Ngatunga akapata wazo. Kwa heshima ya sayansi, Mheshimiwa asipande mti, apande punje mia moja za Fahari kwenye bustani ya Ikulu. Kisha wageni wakiingia kula chakula cha mchana, Idara ya Uhai wa Miche ifukue haraka, ichomeke miche mia moja yenye majani matatu matatu, na wageni wakitoka wakute shamba. Kamati ikampigia makofi. Kati ya wakubwa wale kumi na wanne hakuna hata mmoja aliyejua mbegu ya mahindi huota baada ya siku ngapi. Mmoja alidhani inategemea kikao cha bajeti.

Siku ikafika. Bendi ikapiga, Mheshimiwa akaketi kati ya simba wake, akasoma hotuba. Alisema sayansi ni jambo la kisayansi. Alisema vijana ni taifa la kesho na kwamba wawe na subira, maana kesho bado. Absalomu akaonyesha mashine, Mheshimiwa akapita mlangoni peke yake na mashine ikaandika elfu moja. Alifurahi sana. Alisema kwa muda mrefu amekuwa akijihisi hivyo.

Kisha tukaenda bustanini. Mheshimiwa akainama, akapanda punje moja moja kwenye mistari kumi iliyokuwa tayari, huku mtu akimshikia mwavuli na mwingine akimshikia mgongo. Alipofika punje ya mwisho akanyooka, akamgeukia Twilumba. Hilo halikuwamo kwenye ratiba.

"Eti binti, hizi zinaota baada ya muda gani?"

"Baada ya chakula cha mchana, Mheshimiwa," akadakia Bwana Ngatunga.

"Nimemuuliza binti."

Twilumba alikuwa ameruhusiwa sentensi moja tu siku ile, nayo ilikuwa Asante sana Mheshimiwa. Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu Kahimba alikuwa amefumba macho.

"Baada ya siku saba, Mheshimiwa," akasema. "Kama mbegu ni nzima."

Nilikuwa nimeshika kiti, nikajikuta nimekikalia. Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyemwambia Mheshimiwa kama. Kila kitu alichoambiwa kilikuwa tayari kimekuwa.

"Kama?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kama."

Mheshimiwa akautazama udongo. Akatazama mikono yake, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa imechafuka kweli.

"Mimi nimepanda miti elfu nne na zaidi katika nchi hii," akasema taratibu. "Yote inastawi hata kabla sijafika kwenye gari. Sijawahi kuona hata mmoja ukianza." Halafu akageuka kunitafuta. "Wewe wa viti! Lete changu hapa. Nitasubiri."

"Hadi chakula kiwe tayari, Mheshimiwa?" akauliza Bwana Ngatunga, jasho jembamba likimtoka.

"Hadi siku ya saba. Na watoto hawa wasiondoke."

*

Serikali ya nchi hiyo ilihamia bustanini. Nikabeba kiti cha simba, nikabeba na vya ngozi, ambavyo kwenye udongo vilikataa kuzunguka, vikawatesa sana mawaziri. Mheshimiwa alifika alfajiri, akaondoka jua likizama, na usiku askari wa kikosi chake mwenyewe walizunguka bustani wakiwa na amri ya kutomruhusu hata mjusi. Watumishi wa Idara ya Uhai wa Miche walijificha nyuma ya ua wakiwa wamekumbatia miche yao mia moja, wasipate upenyo.

Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Siku ya pili Waziri Malekano akaomba nafasi ya kuzungumza na mbegu. Akasimama mbele ya mistari, akazihutubia kwa saa moja na dakika ishirini, akizikumbusha zilikotoka na serikali ilivyozijali. Siku ya tatu ikaletwa kwaya ya Wizara. Siku ya nne Baraza la Mawaziri likapitisha azimio la kuzitaka mbegu ziote, likasomwa kwa sauti pande zote nne za bustani, na nakala ikazikwa katikati.

Siku ya tano, jua likiwa limeanza kuchoma, Mheshimiwa akaruka kutoka kitini.

"Mama Kulwa!" akapiga kelele kuelekea jikoni, jina ambalo hatukuwahi kumsikia akimwita mkewe. "Mama Kulwa, njoo uone! Inatoka!"

Kilikuwa kijani kidogo, hakijafika hata urefu wa ukucha. Mheshimiwa akapiga magoti akakitazama, suruali ya suti yote udongo, akicheka peke yake. Nitasema ukweli, dakika ile nilimpenda. Baadaye ikapita.

Siku ya sita hali ikawa mbaya. Zilikuwa zimeota tisa, na kesho yake ndiyo siku ya hesabu. Saa nne asubuhi Waziri akaenda kwenye hosteli walikolala watoto, akiwa na barua iliyochapwa tayari. Mimi nilikuwepo kwa sababu alinibebesha kiti chake. Barua ilisema kwamba mimi, Twilumba, kwa utundu na kwa kutumiwa na maadui wa maendeleo, nilizichemsha mbegu za Mheshimiwa kabla hazijapandwa.

"Utaisoma kesho mbele yake," Waziri akasema. "Atakasirika kidogo, kisha atakusamehe, yeye ni baba. Ukikataa, huyu mwalimu wako namhamishia shule ya kisiwani ambako hakuna wanafunzi. Wala kisiwa chenyewe hatujakipata bado."

Alipoondoka, Twilumba akakaa kitandani na barua mapajani. Alikuwa na miaka kumi na sita, na aliyemtisha alikuwa waziri mzima.

"Isome tu, mwanangu," Mwalimu Kahimba akasema, bila kumtazama. "Tutarudi nyumbani salama. Dunia ndivyo ilivyo."

"Mwalimu, nikisema nilizichemsha, malori yataondoka?"

"Yataondoka."

"Sasa mama apande nini?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

*

Siku ya saba, viti vyote vikajaa. Mheshimiwa hakutaka mtu amhesabie. Alipita mstari kwa mstari akiwa ameinama, akinyoosha kidole, midomo ikimchezacheza. Alipofika mwisho alirudi akaanza upya.

"Kumi na moja," akasema.

Waziri Malekano akasimama. "Mheshimiwa, naomba kutoa ufafanuzi. Hizi themanini na tisa nazo zimeota, ila zimeota kuelekea chini. Ni teknolojia ya kisasa. Zinaimarisha msingi kwanza."

"Kaa."

Akakaa. Mheshimiwa akamwita Twilumba asogee. "Wewe, kwenye jaribio lako, ulipata ngapi?"

"Binti ana barua ya kusoma, Mheshimiwa," Waziri akasema upesi.

Twilumba akaitoa barua. Akaifungua, akaisoma mpaka mwisho kwa macho tu. Kisha akaikunja mara mbili, akaishika nyuma ya mgongo.

"Kumi na moja, Mheshimiwa," akasema. "Shambani kwa mama yangu ni hivyo hivyo. Na kwa jirani, na kijiji kizima. Tumekula viazi miezi saba. Mama anatupakulia anasema ameshiba, na hajala, mimi najua hajala. Malori yanaondoka kesho kutwa na mbegu hizi hizi. Nakuomba uyazuie, Mheshimiwa. Nakuomba sana."

Alikuwa analia sasa, wazi wazi, bila kujifuta. Mke wa Mheshimiwa alitazama pembeni. Hata yule mshika mwavuli aliuteremsha kidogo. Nikamtazama Mheshimiwa usoni nikingoja huruma, maana kama kuna mahali pa huruma duniani palikuwa pale.

Haikuja huruma. Kilikuja kitu kingine.

"Ngoja kwanza," Mheshimiwa akasema. "Shambani kwa mama yako, kila mia, zimeota kumi na moja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kwangu mimi, kumi na moja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sawasawa kabisa?"

"Sawasawa, Mheshimiwa."

Uso wake ukabadilika rangi. Akawageukia mawaziri, sauti ikimpanda.

"Kwa hiyo mbegu hizi zinanichukulia mimi kama mwananchi wa kawaida?"

*

Taarifa ikasomwa redioni mchana huo huo, ikitanguliwa na muziki wa huzuni. Mbegu aina ya Fahari, ilisema taarifa, zimebainika kumvunjia heshima Mkuu wa Nchi kwa kukaa kimya alipozipanda kwa mikono yake, na hivyo zote, popote zilipo, ziko chini ya ulinzi. Malori yakazuiwa kabla hayajaondoka. Magunia yakapelekwa vituo vya polisi, yakaandikwa maelezo moja moja, na yalipoulizwa kama yanakiri kosa yakaendelea na kiburi kile kile. Mahabusu zikajaa. Ikabidi watu waliokuwamo waachiliwe kupisha magunia, miongoni mwao mzee aliyekuwa ndani miaka mitatu kwa kupiga chafya wakati wa wimbo wa taifa.

Waziri Malekano alitangaza kwamba yeye alizishuku mbegu hizo tangu mwanzo. Akateuliwa mwenyekiti wa tume ya kuzichunguza. Magunia yalipozidi uwezo wa polisi, serikali ikatafuta ghala la kuyafungia, na kwa bahati nzuri tu likapatikana moja, la shemeji yake.

Kabla watoto hawajaondoka, Mheshimiwa alimuuliza Twilumba ni mbegu gani ambazo zingemtii. Akajibu kwamba ziko za bibi yake, zinaning'inia jikoni juu ya moshi, na kwenye kitambaa ziliota tisini na sita. Zikaletwa, Mheshimiwa akazipanda, na siku ya saba zikaota tisini na sita. Zile nne zikatangazwa kuwa ziko likizo. Jioni hiyo sheria ya muhuri ikafutwa, na mbegu za akina bibi wote nchini zikatunukiwa hadhi ya mbegu zenye adabu.

Medali ya dhahabu ya Mashindano ya Sayansi ya Vijana mwaka huo alipewa Mheshimiwa, aliyekuwa na miaka sabini na mbili. Chuo kikuu kikampa uprofesa wa Uotaji. Twilumba alipewa cheti cha kushuhudia na picha kubwa ya Mheshimiwa akiwa amepiga magoti kwenye udongo. Zuhena aliombwa alete sabuni nyingine.

Lakini mvua zilinyesha, na Lunyinga wakapanda za nyumbani, na zikaota mistari mizima bila pengo. Twilumba anasema siku ya ugali wa kwanza mama yake alipakua, akawapa watoto, akajipakulia na yeye, akala. Alikula taratibu mpaka akalegeza kanga kiunoni. Watoto waliacha kula wakawa wanamtazama yeye.

*

Habari hiyo ilisambaa kwa namna ambayo Ikulu haikuitarajia. Wananchi wa nchi hiyo wana akili, ingawa hawaruhusiwi kukaa kwenye viti vya kuegemea. Waligundua kwamba kumweleza Mheshimiwa shida yako hakusaidii kitu, ila shida yenyewe ikimgusa yeye mwenyewe, hapo inakamatwa. Barua zikaanza kumiminika. Watu wa bondeni walimwalika avuke daraja lao kwa miguu. Wauza samaki wa soko kuu walimwomba, kwa unyenyekevu, aje atumie choo cha soko, hata kama ni mara moja tu. Wanawake wa wilaya ya kaskazini walimkaribisha mke wa Mheshimiwa alale siku mbili kwenye wodi ya wazazi, na wakaahidi kubanana ili apate nafasi kitandani, awe wa nne. Bwana Ngatunga akatoa waraka mrefu unaokataza viongozi wote kugusa kitu chochote cha umma. Ndipo nilipostaafu, maana hata viti vya Ikulu ni vya umma, na tangu waraka ule viongozi wa nchi hiyo wanafanya kazi wakiwa wamesimama.

Mwalimu Kahimba na mimi tulibaki marafiki. Kisiwa chake hakikupatikana, kwa hiyo bado yupo pale pale. Alinisimulia kwamba mwaka uliofuata fomu za mashindano zilipofika, alimshauri Twilumba achague kitu chepesi kisicho na serikali ndani yake, labda rangi za maua. Msichana akamwambia hapana. Mdogo wake alikuwa ameugua malaria, akapewa dawa kwenye zahanati mara tatu, na mara zote tatu homa ikaendelea kama vile mtoto amelambishwa chaki. Alitaka kujua kwa nini.

Akajaza fomu pale pale ofisini. Kwenye jina la mradi aliandika: Je, vidonge vya zahanati vinatibu? Chini yake, penye vifaa vinavyohitajika, akaandika: mbu mmoja, waziri mmoja.

Mwalimu Kahimba akaisoma. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kuisoma tena.

"Hii haitafaa," akasema.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Sampuli ni ndogo mno."

Akachukua kalamu yake nyekundu, akakata waziri mmoja, akaandika juu yake: Baraza zima. Mbu akamwacha vilevile. Alisema mmoja mwenye bidii atatosha.